Vijiti Arobaini vya Nyar Kadem

Ungepita Kosele siku ya Alhamisi, saa nane za mchana, ungewakuta wanawake sita na wanaume wawili wamekaa kwa duara, kila mmoja na wembe mkononi na utepe wa nailoni shingoni kama fundi wa nguo. Hicho ndicho Kikundi cha Matunda cha Kosele. Kazi yao kubwa ilikuwa kuunganisha miche. Unaotesha kokwa ya parachichi la kienyeji kwenye mfuko wa udongo, mche ukifika unene wa penseli unaukata kichwa, unaupasua kidogo, kisha unachomeka kijiti kilichotoka kwa mti ambao utamu wake unaujua. Unafunga na utepe, unangoja. Kikishika, kutoka kwenye kovu kwenda juu mti ule si wako tena, ni wa kule kijiti kilikotoka. Ni kipande cha mti ule ule, kimehama tu.

Wenyewe waliiita kazi hiyo harusi. Mwenyekiti wao, mzee Maranga, ndiye aliyeanzisha mzaha huo, na mzaha ukakomaa ukawa sheria. Kijiti ni bibi harusi, alisema, na bibi harusi hakokotwi na wageni. Kwa hiyo ukitaka vijiti kwa mtu, usiende ukakate. Mwenye mti ndiye anayekata, kwa kisu chake, na wewe unapokea kwa mikono miwili na kumtaja jina. Kabla ya sheria hiyo watu walikuwa wanaingiliana mashambani na kutoleana macho. Baada yake, kikundi kilitulia.

Aliyesifika humo kwa mkono mzuri alikuwa Nyamoita, mjane wa miaka sitini na mbili, mzaliwa wa Kisii, aliyeolewa na Mjaluo wa Kosele akazoea lugha, akazoea samaki, akazoea kila kitu isipokuwa mambo ya mizimu. Yeye alikuwa Msabato wa kushika siku. Mumewe Oyaro alikwisha lala chini miaka tisa. Mtoto wao alikuwa mmoja, Omanga, anayefanya kazi kwa duka la mabati huko Suna, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mke wa Omanga, Lorine, ndiye aliyekaa na Nyamoita bomani.

Lorine alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya miezi mitatu. Ya pili ilifika sita, ilikuwa na kucha. Baada ya hiyo ya pili zilipita siku nyingi, halafu asubuhi moja wakipepeta mtama akamwambia mama mkwe wake, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya sukari, "Mama, nitajaribu moja tu tena. Hiyo ikienda, na mimi nitaenda."

Nyamoita aliendelea kupepeta, lakini maneno hayo aliyameza kama mfupa, na mfupa ukakaa pale pale.

Basi mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimegusa ardhi, Asiya alileta habari ya parachichi la Sori. Asiya alikuwa katibu wa kikundi, mwenye duka la mbegu na mifuko ya plastiki pale sokoni, aliyekuja na mumewe Bashir kutoka Isiolo zamani na sasa anapiga Kijaluo kuliko wengine waliozaliwa nacho. Alikuwa ameenda Sori, kule chini ziwani, kufuata omena, wale dagaa wa ziwani, akapewa tunda moja na mama mmoja.

"Watu wanne tulikula moja, tukaacha," alisema. "Laini kama samli. Halina hata uzi. Nimempigia mwenye mti simu, amekubali. Anaitwa Nyar Kadem."

Yaani binti wa Kadem, kwa jina la ukoo wake, vile Wajaluo humwita mwanamke aliyeolewa.

Wakatumwa wawili, Nyamoita na Asiya. Walifika kwa Nyar Kadem karibu saa sita, wakakuta nyumba ndogo ya mabati ina kufuli mlangoni. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akawaambia ametelemka ufuoni, hatakawia. Wakakaa. Asiya alipoona adhuhuri inampita akaenda kuswali dukani kwa Mohammad, muuza nyavu pale sokoni. Nyamoita akabaki peke yake na ule mti.

Ulikuwa mti mkubwa, na ulikuwa umepandwa mahali pa ajabu. Ulikuwa karibu kabisa na ukuta wa nyumba, upande wa chumba cha kulala, hata matawi yake yalikuwa yanasugua mabati. Hakuna mtu anapanda mparachichi hapo. Mizizi itapasua msingi. Na chini yake palikuwa pamefagiliwa, hakuna jani hata moja, na mawe madogo meupe ya ziwani yamezungushwa mahali padogo, pa urefu wa mkono.

Nyamoita alitazama wingu lililokuwa linapanda juu ya ziwa. Akafikiria miche arobaini kule Kosele iliyofika unene wa penseli na ambayo wiki ijayo itakuwa imepita. Akajiambia, si amekubali kwa simu? Akangoja tena kidogo. Halafu akatoa kisu chake kwenye kikapu.

Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, majani yanacheza. Alipokata kijiti cha kwanza, majani ya mti wote yakatulia. Nyamoita akageuka kutazama kamba ya jirani. Nguo kule bado zilikuwa zinapigapiga na upepo.

Angeacha hapo. Lakini mtu akishachovya kidole kwenye asali, hachovyi kimoja. Alikata vijiti arobaini, akavihesabu, akavifunga kwa kitambaa kibichi. Maji ya mparachichi hugeuka mekundu yakipigwa na hewa, hilo kila mtu wa matunda analijua, lakini hakupenda vile kitambaa kilivyogeuka haraka.

Asiya alirudi akamkuta amesimama barabarani.

"Amekuja?"

"Amekuja, amekata, amerudi ziwani. Ana haraka."

"Hata salamu hajaningojea? Na wewe ulimtaja jina?"

"Nilimtaja."

Ule ndio uongo aliousema, na alikuwa mtu asiye na mazoea ya uongo, kwa hiyo ulimkaa mdomoni safari nzima kama dawa ya malaria. Jioni simu yake ililia mara tatu, namba ya Nyar Kadem, maana Asiya aliwapa kila mmoja ya mwenzake. Hakuishika. Haikulia tena.

Kwa kawaida, mtu wa mkono mzuri akiunganisha miche kumi, saba itashika. Ile arobaini ilishika yote. Si hivyo tu. Ilifungua majani siku moja, Jumanne asubuhi, kila mmoja majani mawili.

"Harusi arobaini na hakuna talaka hata moja," mzee Maranga alisema. "Kanisani kwetu hatujawahi kupata hiyo."

"Nyamoita, hebu tuone huo mkono," Asiya akasema. "Labda una vidole sita unatuficha."

Wakacheka, wakagawana, miti mitano kila boma, wakapanda. Nyamoita aliitawanya yake: mmoja kwa choo, mmoja kwa zizi la mbuzi, miwili karibu na lango, wa tano nyuma ya nyumba ya Lorine, hatua kumi hivi kutoka ukutani.

Mwezi wa kumi na moja ile miti ikatoa maua. Miti ya miezi minane, haijafika kiunoni mwa mtu, hutoa wapi maua? Wote waliyachuma, maana mti mchanga ukizaa hudumaa. Kesho yake yalikuwa yamerudi. Wakachuma tena. Mwisho kila mti ukabaki na tunda moja, dogo kama punje ya njugu, ambalo ukilishika shina lake lilikuwa gumu kama waya.

Wiki hiyo hiyo Lorine alimwambia mama mkwe wake kwamba mwezi wake umepita.

Nyamoita alifurahi, akaogopa, akafurahi. Akamkataza kubeba maji, akamkataza kuinama shambani. Kila asubuhi akitoka kuswaki alikuwa anaangalia miti, na kila asubuhi aliona kitu ambacho hakumwambia mtu. Ilikuwa inainama. Ule wa choo ulikuwa unainama kulia, ule wa zizi kushoto, ile ya lango kama watu wawili wanaochungulia ndani. Yote ilikuwa inaelekea dirisha la Lorine. Na ule wa tano ulikuwa umetoa tawi moja refu, limenyooka, linaenda ukutani.

Alhamisi moja akauliza kwa mzaha, "Miti yenu imesimama wima?"

Hapakuwa na aliyecheka. Ratemo, fundi cherehani, ambaye kwa kawaida hazungumzi mpaka aulizwe, alisema, "Yangu inataka kuingia ndani." Halafu akatoa utepe wake wa kupimia. "Na kuna jambo lingine. Nimepita kwenu wote wiki hii, nimepima matunda. Yote arobaini ni sawasawa. Sisemi yanakaribiana. Ni sawa."

Miezi ikaenda, tumbo likaenda, matunda yakaenda. Mwezi wa saba, Lorine akiwa na miezi minane, Asiya alilichuma la kwanza lililoiva, akalileta kikundini kwenye sinia na chumvi na ndimu. Wakakaribia. Akalizungushia kisu, akalipinda kwa mikono, likaachana.

Ndani hapakuwa na kokwa.

Palikuwa na mahali pa kokwa. Shimo la duara, kavu, laini kama limepigwa pasi, na ile ngozi nyembamba ya kahawia inayovaa kokwa ilikuwa imebaki pale kama kitanda kilichotandikwa. Nyama ya tunda ilikuwa nzuri, ya njano, imekomaa. Ila kilichokuwa kimelala hapo kilikuwa kimeondolewa, na tunda halikuwa na tundu la kutokea.

Wakafungua la Maranga. Wakafungua la Ratemo. Walifungua saba, na yote yalikuwa hivyo.

"Labda ni mbegu ya kisasa," Ratemo akasema. "Ile isiyo na kokwa."

Asiya alifuta kisu kwa ukingo wa leso yake, polepole. "Nyamoita, dada yangu, yule mama alisema nini siku ile? Alitupa kwa moyo mweupe?"

"Alisema twende salama," Nyamoita akajibu, na hakugusa tunda, na matunda ya kwake matano hakuyafungua.

Aliporudi alimkuta Lorine amekaa kwa kiti nje, ameshika tumbo kwa mikono yote.

"Mama, leo hajacheza."

"Amelala."

"Tangu jana mchana?"

Wakaenda kituo cha afya. Nesi akaweka chombo chake, akasikiliza, akasema moyo unapiga, ila polepole, warudi kesho kutwa. Wakashika njia ya nyumbani. Nyamoita alikuwa anaona mbele yake lile shimo safi la duara, akaamua: kesho nitaenda Sori, nitapiga magoti.

Hakuhitaji kwenda. Asubuhi, saa tatu, Maranga alimpigia simu.

"Kuna mwanamke ameingia hapa kwangu. Hajapiga hodi. Amenipita kama kisiki, akaenda kwa mti mmoja mmoja, hata ule uliofichwa nyuma ya ghala. Anashika jani, anasema neno moja, anaenda kwa mwingine. Nimemwuliza wewe ni wa nani, hajajibu. Sasa ametoka."

"Ameelekea wapi?"

"Kwa Ratemo. Na hakuuliza njia."

Saa nne Ratemo alipiga. Saa tano mke wa mhubiri, ambaye pia ni mwanachama, alituma ujumbe: *Huyu mama ni nani?* Saa saba alipiga Asiya, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni yeye. Nyar Kadem. Nimemwamkia, ameniitikia vizuri tu, ameniuliza watoto. Halafu nikamwuliza, mama, siku ile mbona hukuningojea nikusalimu? Akaniangalia. Nyamoita, yule mama anasema siku ile hakumwona mtu."

Nyamoita alikata simu. Akafagia kiwanja ambacho alikuwa amekifagia tayari. Akaweka stuli mbili. Saa kumi, jua likiwa bado kali, mwanamke mwembamba mwenye leso safi iliyofifia aliingia langoni, mikono mitupu, miguu myekundu kwa vumbi la boma saba.

Alianza na miti miwili ya lango. Akashika jani. "Adero," alisema, kama mtu anayemwamsha mtoto taratibu. Akaenda wa zizi. Akaenda wa choo. Nyamoita alikuwa anamfuata nyuma. Kwa mti wa tano, ule wa nyuma ya nyumba, mwanamke yule aliinama, akaweka kiganja kwenye kovu pale kijiti kilipounganishwa.

"Adero."

Ndani ya nyumba Lorine akaita, "Mama. Mama, amecheza."

Nyar Kadem alisimama wima. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Nyamoita zaidi.

"Wewe ndiye ulimkata."

"Ni mimi. Nisamehe, mama."

"Ungeningoja. Nilikuwa nimeenda kutafuta samaki wa kuwapikia. Kisu changu nilikuwa nimekinoa jana yake." Akatazama matunda. "Jirani aliniambia wageni wamekuja wameenda. Nikaona vidonda arobaini. Nikajua."

"Adero ni nani?"

"Wangu. Aliishi siku tisa. Mvua ilikuwa nyingi, hatukuweza kumfikisha hospitali. Nikamlaza pale karibu na ukuta wangu, nikaotesha kokwa juu yake, niwe namsikia. Mwaka huu ni wa ishirini na sita. Kila asubuhi namwita mara moja, anatulia, na mimi naenda kazini." Akapangusa vumbi usoni. "Sasa namwita, hajui aitikie wapi. Umemweka nyumba nane."

"Tutaing'oa. Leo. Nitawaambia wote."

"Umzike mara arobaini?"

Nyamoita akauliza kile alichokuwa anaogopa kuuliza. "Basi unataka nini kwetu?"

Lorine alikuwa ametokea mlangoni, ameshika kizingiti. Nyar Kadem aliliangalia tumbo, akaangalia pembeni haraka, kama mtu aliyechungulia chumba cha wenyewe.

"Mimi sitaki kitu, mama. Yeye ndiye anatafuta. Anatafuta penye mlango."

Stuli hakuikalia. Aliondoka jinsi alivyokuja.

Lorine alizaa wiki tatu baadaye, asubuhi, kituo cha afya, bila shida. Mtoto wa kike, kilo tatu nukta mbili, nywele tele. Omanga akaja kutoka Suna na keki. Nyamoita alimshika mjukuu wake, akahesabu vidole, akalia kidogo kwenye shali, akasema moyoni, yamepita.

Siku ya pili mtoto alianza kulia.

Si kilio cha njaa wala cha tumbo. Nyamoita alikuwa amelea, alivijua vilio. Hiki kilikuwa kama cha mtu anayeita kwa mbali, ananyamaza kidogo kusikiliza, anaita tena. Titi alilisukuma. Nesi alimpima, hakuona homa, hakuona kitu. Siku ya tatu mchana utosi ulikuwa umebonyea na sauti imekuwa nyembamba kama ya paka. Nesi akasema kama hajanyonya mpaka jioni, apelekwe hospitali kubwa ya Homa Bay.

Wifi wa Nyamoita, Nyamusi, dada yake marehemu Oyaro, alifika na fimbo yake na hakuhitaji kuelezwa.

"Nyinyi watu wa Sabato mtamwua mtoto kwa ubishi," alisema akikaa. "Anataka jina. Mtoto akililia jina, unamwitia wa kwetu waliotangulia, mmoja mmoja. Yule anayemtaka akitajwa, atanyamaza. Jina la Omanga nilikuachia kwa sababu alikuwa mnene na hakulia."

Siku nyingine Nyamoita angebishana. Alisema tu, "Ita, wifi."

Nyamusi akamkalisha mtoto mapajani, akaita. Alimwita mama yake mwenyewe. Akamwita bibi yake aliyekufa na ndui. Akawaita mashangazi, wake wenza, msichana aliyepigwa na radi kisimani, mwanamke mmoja ambaye hata Omanga hakuwahi kusikia habari zake. Saa nzima. Mtoto alikuwa ananyamaza kwa kila jina, anasikiliza, halafu analia tena, kidogo kuliko mwanzo. Kwenye dirisha lile tawi refu lilikuwa limefika, limeweka majani yake mawili bapa kwenye kioo. Hakukuwa na upepo.

Nyamusi alichoka, akaegemea fimbo. "Wetu nimewamaliza. Kama kuna jina, si la hapa. Kuna mtu wa watu aliyeingia hapa?"

Omanga alimwangalia mkewe. Lorine alimwangalia mama mkwe wake.

Sasa Nyamoita aliona vitu viwili pamoja, kila kimoja kizito. Akilitaja lile jina, mtoto wa mtu mwingine ataingia nyumba ya mwanawe na kukaa, na yeye mwenyewe atakuwa amekiri mbele ya watu wote kwamba alikata, akadanganya. Asipolitaja, atasikiliza sauti hiyo ikipungua mpaka iishe, na Lorine atafunga nguo zake.

"Mama," Lorine akasema, "siku ile yule mama alikuwa anaita nini kwa dirisha langu?"

Basi akasema. Alisimama katikati ya nyumba kama mtoto wa shule, akaeleza yote: kufuli, wingu, kisu, vijiti arobaini, uongo wa barabarani, simu aliyoiacha ilie. Nyamusi alipiga ulimi. Omanga aliweka mkono kichwani. Lorine hakupepesa.

"Kwa hivyo huyu ni wetu au ni wake?" Lorine akauliza.

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa nataka tu miche isipite."

"Liseme."

Nyamoita alipiga magoti mbele ya mapaja ya wifi yake, akaweka mdomo karibu na sikio dogo lililokuwa limejikunja kama jani changa.

"Adero."

Mtoto akanyamaza. Wakangoja kilio kirudi. Hakikurudi. Alipumua kwa nguvu, akageuza kichwa, akaanza kutafuta titi kwa mdomo, na Lorine alipompokea alinyonya kama ametoka safari.

Nyamusi hakufurahi kama walivyofurahi wao. Alihesabu kwa vidole. "Huyo mwingine aliishia siku ya tisa, si ndiyo umesema? Basi siku ya tisa huyu asiwe hapa. Awe mkononi mwa mwenye jina. Mkimweka hapa siku hiyo, mimi simo."

Siku ya tisa ilikuwa Jumatano. Nyamoita na Lorine waliondoka mapema, mtoto amefungwa ndani ya shali mbili, analala kimya. Hawakupiga simu. Nyamoita alikuwa ameshika simu mara kadhaa, akaona aibu ikimshika kidole. Walifika Sori yapata saa nne, wakapita ile kamba ya jirani, wakaingia.

Mlango ulikuwa wazi. Nyar Kadem alikuwa amesimama hapo nje, mikono ya nguo imepandishwa mpaka juu ya kiwiko. Mbele yake, juu ya meza ndogo, kulikuwa na beseni ya bati, na kando yake kipande kidogo cha sabuni kilichokatwa, na taulo limekunjwa. Maji yalikuwa yanatoa mvuke.

"Mmechelewa," alisema. "Nimeyapasha mara mbili."

"Ulijuaje tunakuja leo?" Lorine akauliza.

"Sikujua." Alichovya kiwiko ndani ya maji, akapima, akaitikia kwa kichwa kwamba yametosha. "Mimi huyapasha kila asubuhi."

Lorine alibaki amesimama, amembana mtoto kifuani. Nyamoita hakumsukuma wala hakumzuia. Hakuwa na haki ya neno hapo. Kuku alipita kati yao. Mwishowe Lorine alifungua shali ya kwanza, akafungua ya pili, akaunyoosha mzigo wake mbele.

Nyar Kadem alimchukua, akamshika shingo kwa kiganja kimoja vile inavyopasa, akamtelemsha majini. Alimwosha kama mtu anayepita njia yake ya kila siku: nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo, kati ya vidole. Hakuimba wala kumsemesha. Mtoto alikuwa amefungua macho, anamtazama usoni moja kwa moja, hapepesi. Halafu akacheka. Si ile ya usingizini, ya kukunja mdomo tu. Alicheka kwa sauti, siku tisa, na mama yake mzazi akarudi nyuma hatua moja.

"Ndiyo," Nyar Kadem akamwambia mtoto. "Ndiyo, mama."

Alimpangusa, akampaka mafuta, akamfunga kwa shali zake mwenyewe alizokuja nazo, akamrudisha mikononi mwa Lorine bila kukawia, bila kuvuta. Lorine alimshika, akamchungulia uso, akamnusa. Alikuwa mzima, wa moto, ananuka sabuni.

Nyar Kadem alimwaga maji, akageuza beseni juani, akapangusa mikono. Kisha akawageukia, kwa adabu, kama mtu anayepanga kazi na majirani zake.

"Kesho mtamleta saa ngapi?"

Lorine alimwangalia mama mkwe wake. Nyamoita alifikiria njia ile yote kutoka Kosele, milima na vumbi, kila siku iendayo kwa Mungu. Akafikiria siku mbili za kile kilio, na jinsi kilivyokuwa kinanyamaza kidogo ili kisikilize.

"Saa tatu," alisema.